Doa Likitoka, Je, Kosa Limetoka?



Swali la wiki hii huonekana dogo mpaka siku likufikie mlangoni. Tuseme dada mmoja ameamka alfajiri aende kazini. Gari alilolilipia miaka mitatu kwa mkopo wa sacco limeandikwa MWIZI ubavuni, kwa rangi nyekundu ya sprei. Juzi kulikuwa na ubishi kwenye chama kuhusu pesa. Soja wa lango alikuwa amesinzia, hakuona kitu. Kabla ya saa moja ploti yote imeshasoma. Saa nne fundi anafika, na kufikia jioni ubavu wa gari unang'aa kuliko ulivyong'aa jana. Siku ya tatu kijana mmoja analetwa na mzazi wake, anakubali kwamba ni yeye aliyeandika. Dada huyu hajasema lolote bado, na mzazi anamwahi: "Mama, si imetoka? Basi tuyaache."

Si imetoka? Hebu tusimame hapo. Doa likitoka, kosa nalo limetoka? Na kama halijatoka, linatolewa na nini?

Sisi watu wa kanisa tuna haraka ya kujibu. Mmoja atasema kijana apelekwe ndani akaone cha moto. Mwingine atasema samehe, mama, songa mbele. Nadhani majibu yote mawili yanaruka kitu. Ili tukione, tuanze na kazi yenyewe ya kutoa rangi kwenye gari. Ni kazi ya mikono, lakini ina mafunzo.

Rangi juu ya rangi

Bodi ya gari lililotoka kiwandani ina tabaka kadhaa. Kuna praima inayoshika bati. Juu yake kuna rangi yenyewe. Juu kabisa kuna klia, tabaka lisilo na rangi, ambalo hulipa gari mng'ao na kuikinga rangi na jua. Klia hiyo ni nyembamba mno, kama nusu ya unene wa karatasi. Kati ya dunia na rangi ya gari lako, hicho ndicho kinga uliyo nayo.

Sasa, kiwandani bodi hupitishwa kwenye tanuri lenye joto linalopita nyuzi 100, na tabaka hizo hushikana zikawa ngumu. Rangi ya mkebe anayopuliza mtu usiku hukauka kwa hewa tu. Ndiyo maana inawezekana kuitoa moja na kuiacha nyingine: iliyopita motoni huvumilia dawa ambayo iliyokaukia nje haiwezi kuivumilia.

Lakini usikimbilie thina. Magari yetu mengi yameshapigwa rangi upya kwa mafundi wa jua kali, na kama fundi hakutia hadena, rangi hiyo nayo itayeyuka pamoja na doa. Kwa hiyo dawa yoyote hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Gari huwekwa kivulini, bodi ikiwa imepoa. Huoshwa kwa maji na sabuni ili mchanga utoke, maana ukisugua juu ya mchanga unachora mistari. Ikiwa ni rangi ya maji, ile ya kupaka ukutani, na bado ni mbichi, sabuni na maji vuguvugu vinaweza kutosha.

Ikiwa ni sprei, fundi mwenye subira huanza na dawa nyepesi. Kuna udongo maalum wa kusafishia bodi, laini kama unga wa chapati uliokandwa. Hutelezeshwa juu ya maji ya sabuni nao huokota rangi kidogo kidogo. Kuna dawa ya kutolea lami. Thina kali huja mwisho kabisa, kwenye kitambaa, kidogo, sehemu ndogo kwa wakati, na mahali pale huoshwa mara moja. Kitambaa hugeuzwa kila mara ili usiirudishe rangi uliyoitoa. Taa za plastiki haziguswi na thina, maana hupata ukungu na nyufa. Kioo ni rahisi zaidi: maji ya sabuni na wembe uliolazwa. Mwisho bodi husuguliwa kwa kompaundi ili mng'ao urudi, kisha hupakwa nta.

Tena usingoje. Piga picha, nenda kituoni upewe nambari ya OB, halafu anza kazi, kwa sababu jua huzidi kuikausha rangi. Nimesikia watu wakisema wataliacha doa wiki nzima ili kila mtu aone walivyofanyiwa. Picha inatosha kuwa ushahidi. Huhitaji kutembea na tusi ubavuni ili uaminiwe kwamba ulitukanwa.

Sasa shika jambo moja, maana tutalirudia. Kompaundi ni kama msasa laini sana. Kila inapong'arisha, inakula klia kidogo. Jioni ile gari la dada yetu lilipong'aa, halikuwa limerudi kama lilivyokuwa. Lilikuwa na kinga pungufu. Macho hayaoni, mzazi wa kijana haoni, hata mwenye gari huenda asione mpaka miaka kadhaa ya jua ipite. Lakini kuna kitu kimepungua, na aliyepungukiwa si aliyepaka.

Sheria iliyouliza kama rangi inafutika

Kuna nchi iliyowahi kulijibu swali letu kwa sheria. Singapore ilitunga Sheria ya Uharibifu wa Mali mwaka 1966, na adhabu yake moja ni viboko. Sheria hiyo iliweka tofauti ya ajabu kidogo: anayetiwa hatiani mara ya kwanza hachapwi ikiwa aliandika kwa penseli, chaki ya rangi au kitu kingine kinachofutika. Akiwa ametumia rangi, lami au kitu kingine kisichofutika, anachapwa.

Mwaka 1994 sheria hiyo ilijulikana dunia nzima. Kijana Mmarekani wa miaka 18, Michael Fay, alihukumiwa kwa kupuliza rangi kwenye magari ya watu. Alipewa kifungo cha miezi 4, faini ya dola 3,500 za Singapore, na viboko 6. Rais Bill Clinton wa Marekani akamwombea, na viboko vikapunguzwa vikawa 4. Alichapwa tarehe 5 Mei 1994. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba hakuyapaka magari hayo.

Siandiki haya ili tuamue kesi ya watu wengine. Nataka tuitazame ile tofauti. Je, ni haki kupima kosa kwa kuuliza kama doa linatoka?

Wafikirie vijana wawili usiku mmoja. Wote wana chuki ileile, wote wanaandika neno lilelile. Mmoja ameokota mkebe wa sprei, mwingine ameokota ndoo ya rangi ya maji. Alfajiri mvua inanyesha, na ile ya maji inaoshwa yote kabla mwenye gari hajaamka. Je, mmoja ni mwovu na mwingine ni mwema? Mioyo yao ilifanana. Kilichowatenganisha ni ndoo iliyokuwa karibu na mvua ambayo hakuna kati yao aliyeiomba. Tukisema wa pili hana kosa, tumeifanya mvua kuwa ndiyo hakimu.

Basi tuseme kosa ni la moyo peke yake, na doa si kitu? Hapo napo tunapotea. Wa kwanza amemwachia mtu gharama ya fundi, siku ya kazi iliyopotea na neno lililosomwa na ploti nzima. Mwenye gari hawezi kumlipa fundi kwa maelezo kuhusu mioyo. Doa ni kitu. Kosa ni kitu. Kila kimoja kina njia yake ya kutoka, na hakuna kinachotoka kwa niaba ya kingine.

Ukilishika hilo, utaona upungufu wa kiboko. Kiboko hakijawahi kusugua gari la mtu. Tena chenyewe ni rangi isiyofutika: kikishaingia mwilini, hata ikigunduliwa kesho kwamba alikuwa mwingine, hakirudi. Na sisi hapa Kenya tusiwacheke watu wa mbali. Tunajua umati unavyomfanya kijana aliyeshukiwa tu, mchana, mbele ya watoto. Rangi ya gari hutoka kwa dawa na subira. Kijana aliyevunjwa mguu kwa sababu ya rangi, utamtoa hilo doa kwa nini? Hasira ni thina isiyojaribiwa pembeni kwanza. Inatoa doa kweli, kisha inaendelea kula.

Sehemu ya tano

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kuna maagizo mafupi kuhusu mtu aliyemkosea mwenzake. Afanye mambo matatu. Kwanza akiri alilotenda. Pili arudishe thamani kamili. Tatu aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea.

Tufanye hesabu. Tuseme fundi wa dada yetu alitaka shilingi 8,000. Kijana akirudisha 8,000, doa limelipwa. Sehemu ya tano ni 1,600, jumla 9,600. Hiyo 1,600 ni ya nini? Fundi hakuidai. Haimo kwenye risiti. Nadhani ndiyo inayolenga kile ambacho risiti haikioni: usiku ambao mama huyo hakulala, namna alivyopita kwenye lango akiinamisha uso, klia iliyopungua bila mtu kujua. Sheria ile ilijua kwamba ukirudisha sawasawa na ulichoharibu, bado hujarudisha vyote. Palikuwa na kilichopungua kisichoonekana.

Na kukiri kumewekwa mbele ya pesa. Kwa nini? Kwa sababu neno lililoandikwa ubavuni halikupaka bati tu, lilipaka jina. Watu walisoma MWIZI. Fundi hana kitambaa cha kulifuta neno hilo machoni mwa waliolisoma. Anayeweza ni mmoja, aliyeliandika, akisimama mbele ya watu walewale na kusema: niliandika uongo, kwa hasira. Mdomo unafika mahali ambapo thina haifiki.

Pia maagizo yale yanasema kwamba ikiwa aliyekosewa hayupo, wala hana ndugu wa karibu wa kupokea malipo, malipo yapewe kuhani kwa ajili ya Bwana. Yaani hata mwenye gari akihama, hata akifa, deni halipotei hewani. Yule anayesema "si imetoka" ajue hilo. Zakayo naye, Yesu alipoingia nyumbani kwake, hakutoa hotuba ndefu ya kusikitika. Alitaja atakachorudisha, mara nne.

"Lakini si tunaishi kwa neema?"

Hapa ndugu ataniuliza: mtumishi, unaturudisha kwenye sheria? Kama dada amesamehe, mbona alipwe?

Swali ni zuri, na si la kujibiwa kwa mzaha. Kusamehe ni kuacha haki yako ya kulipiza kisasi na kuacha kumtakia mabaya. Hilo dada anaweza kulifanya alfajiri ileile, hata kabla hajajua ni nani. Kufuta deni ni jambo la pili. Ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali. Anaweza kusema, "Kijana, hizo 8,000 niachie." Akisema, Bwana asifiwe, ni neema kweli. Lakini mzazi wa kijana hawezi kumsemea. Kijana hawezi kujitolea zawadi hiyo mwenyewe. Na mchungaji, na wazee wa kanisa, na mama wa ushirika wa nyumbani, wote hatuna mamlaka ya kugawa zawadi kutoka mfuko wa mtu mwingine.

Mara nyingi tunafanya hivyo. Tunamwona aliyekosewa bado ana uchungu, tunaona aibu kwa niaba ya kanisa, tunamharakisha: "Yameisha hayo, mkumbatieni, tuombe." Tumesugua kabla ya kuosha mchanga. Mistari tunayochora hapo yeye ndiye ataibeba, na miaka ikipita tutamwuliza kwa nini hakai tena viti vya mbele.

Wala kuripoti si kukosa kusamehe. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 339, inahesabu kuharibu mali kwa makusudi kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze upatanisho na usuluhishi. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi watu wakae chini wapatane. Lakini upatanisho wa kweli una watu wawili mezani, na mmoja wao ni yule aliyepakwa.

Kuhusu kijana, mzazi mwenye uwezo hutoa pesa haraka ili mambo yaishe. Doa limelipiwa, na kijana amejifunza kwamba mfuko wa baba ni thina nzuri. Afadhali mzazi amkopeshe, kijana alipe kwa kazi. Afadhali ashike kitambaa mwenyewe, mwenye gari akiridhia, na fundi akisimama karibu, kwa maana asiyejua akisugua peke yake ataharibu zaidi. Acha asugue saa tatu herufi aliyoiandika kwa sekunde tatu. Atajua uzito wake. Hiyo si kumdhalilisha. Anapewa nafasi ya kuwa upande wa wanaotengeneza.

Na asipojulikana?

Mara nyingi hajulikani. OB imeandikwa, wazee wa Nyumba Kumi wameuliza, hakuna jibu. Hapo mwenye gari hubaki na gharama yote, na bima ya thedi pati haitamsaidia, maana hulipa hasara ya mtu mwingine, si ya gari lake. Ni haki aumie. Tusimwambie haraka kwamba kila kitu kina sababu.

Tunachoweza kumwambia ni hiki. Toa doa, kwa sababu doa liko kwako. Kosa halikukaa kwako. Limekwenda na aliyelitenda, na huko aliko linamdai, sehemu ya tano ikiwa juu yake. Usilichukue ukalibeba kwa kumshuku kila kijana anayesimama karibu na lango. Ukianza kuwatazama wote kwa jicho hilo, umechukua mkebe wake na sasa wewe ndiye unayepaka.

Na sisi tuliopita asubuhi tukasoma, tuna kazi pia. Tulisoma neno kuhusu jirani yetu, na wengine tukalipiga picha tukalituma kwenye grupu. Gari lilisafishwa jioni ileile; simu zetu je? Ukilituma neno, wewe nawe una ubavu wa gari wa kusafisha. Futa, kisha waambie uliowatumia. Na kama pesa za chama zina swali, liulizwe kwenye kikao, vitabu vikiwa wazi, mwenyewe akiwepo.

Basi mzazi yule tumjibu kwa upole: ndiyo, baba, rangi imetoka. Tunashukuru. Karibu uketi, na kijana aketi, tuanze na lile lililobaki. Mama huyu atasema anachotaka, na sisi tutanyamaza mpaka amalize.

*Kwa mazungumzo ya ushirika wa nyumbani:*

1. Je, kuna deni la "sehemu ya tano" ambalo umeshalilipa nusu tu, ukarudisha kitu bila kukiri, au ukakiri bila kurudisha?

2. Kuna mtu tuliyemharakisha kusamehe kabla hajasikilizwa? Nani kati yetu atamtembelea wiki hii?

3. Ni neno gani kuhusu mwenzako ulilolisoma au kulisikia ukalipeleka mbele? Utalifutaje kwa wale uliowapelekea?